Kibanda Kinachotembea: kupanga safari ya miguu wakati wa mvua Dagahaley

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu amekwisha kupangiwa malazi na mlima. Usiku wa kwanza ni Mandara, ndani ya msitu wa ukungu, mita 2,700 hivi juu ya bahari. Wa pili ni Horombo, mita 3,720. Kisha Kibo, mita 4,700 na ushei, penye mawe na baridi. Rwenzori nako ni hivyo: mgeni na wapagazi wake Wakonzo huyavuka matope kutoka kibanda cha John Matte hadi Bujuku, na kutoka Bujuku hadi Kitandara, mvua ikiwanyeshea karibu kila siku. Vibanda vimesimama palepale miaka nenda miaka rudi. Msafiri anahesabu nguo, chakula na pumzi za kumfikisha kwenye paa linalomngoja.

Huku Dagahaley hakuna paa linalomngoja mtu. Kibanda kimo safarini pamoja na mwenyewe, juu ya mgongo wa ngamia, kimefungwa kamba, na jioni kitasimamishwa mahali ambapo asubuhi palikuwa na vichaka vitupu. Wasomali wanakiita aqal, na safari yenyewe ya kuhama wanaiita geedi. Mimi ni mtu wa kutibu mifugo. Nimefuatana na familia zinazohama katika pande hizi za Garissa, Kenya, misimu mingi, nikiwa na sanduku langu la chanjo na sindano, na nataka kueleza jinsi safari hiyo inavyopangwa, hasa ile ya wakati wa mvua. Nataka pia kupinga, kwa nguvu zote nilizo nazo, neno ambalo nimelisikia ofisini na hata darasani: kwamba mfugaji "anatangatanga". Kutangatanga ni kwenda bila kujua uendako. Sijaona safari inayopangwa kwa uangalifu kuliko geedi.

Mgeni hudhani shida ya nchi hii ni ukame peke yake. Garissa hupata kwa wastani milimita 300 hivi za mvua kwa mwaka mzima, wakati miteremko ya Rwenzori hupata zaidi ya 2,000. Lakini hizo 300 hazigawanyiki siku kwa siku. Huja katika misimu miwili, gu ya kuanzia Aprili na deyr ya kuanzia Oktoba, na ndani ya msimu zinaweza kumwagika nyingi kwa siku chache. Nchi ni tambarare kama mkeka. Maji hayana mteremko wa kukimbilia, basi yanakaa, yanasambaa, yanatafuta kila bonde na kila tundu. Hapo ndipo Dagahaley inapogeuka kisiwa.

Si tamathali ya usemi. Kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, mojawapo ya kambi za Dadaab, ilifunguliwa 1992, mwaka mmoja baada ya jirani yake Ifo, na barabara ya kutoka mji wa Garissa hadi Dadaab, karibu kilomita 100, imekatwa na mafuriko mara nyingi tangu hapo. Mvua za El Nino za mwaka 1997, na tena zile za 2006, zilifanya misaada iletwe kwa ndege kwa sababu lori halikupita. Aprili na Mei 2024 watu wapatao 20,000 katika kambi za Dadaab walihamishwa na maji, na wengine wakalala katika shule. Nje ya kambi, wakati huohuo, vichaka vilivyokuwa na rangi ya majivu vinachipua majani kwa wiki moja, migunga inafunga kivuli, na nchi inakuwa msitu mfupi wa kijani uliozungukwa na maji. Ni msimu mzuri kuliko yote kwa mifugo, na ni msimu mgumu kuliko yote kwa miguu.

Kupanga kunaanza na habari. Kuna habari za mbali na habari za karibu, na kosa la watu wengi ni kuzichanganya. Za mbali ni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa na taarifa za kila mwezi za Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame. Hizi zinakuambia msimu kwa ujumla unaelekea wapi: mvua ya kutosha, pungufu au ya kupita kiasi. Wazee nao wana hesabu yao, ya mwezi na nyota. Wanatazama mwezi unapokutana na nyota wanayoiita Dirir, na kwa njia hiyo wanagawa mwaka. Msomi Muusa Galaal aliandika juu ya elimu hiyo mwaka 1968, na ninawashauri vijana wetu waitafute kazi yake badala ya kuwacheka babu zao. Lakini utabiri na nyota vyote viwili vinazungumza na eneo zima. Mvua ya huku haizungumzi na eneo zima. Inanyesha hapa, inaruka kilomita sita, inanyesha pale. Nimesimama kwenye malisho ya kijani na kuona kwa macho mahali yanapokoma, kama mtu aliyechora mstari.

Ndiyo maana kuna sahan. Hao ni watu wawili au watatu wanaotumwa mbele kwenda kuiona nchi, zamani kwa miguu au juu ya ngamia, siku hizi mara nyingi kwa bodaboda. Hawatumwi vijana wa kupenda sifa. Anatumwa mtu ambaye macho yake yanaaminika na ulimi wake hauongezi chumvi. Akirudi, anaketishwa na kuhojiwa, na mahojiano hayo ningependa yafundishwe vyuoni. Umekuta nyasi zimefika wapi, kifundoni au gotini? Ni nyasi gani? Maji yapo kwenye balli, yaani dimbwi la mvua, au ni unyevu tu wa kutoa matope? Umeona alama za kwato za nani, na samadi ilikuwa mbichi au kavu? Nani yuko huko tayari, na umewasalimia? Mbu walikuuma saa ngapi? Nzi wakubwa wale wa ngamia wapo?

Swali la nani yuko huko lina uzito kuliko anavyodhani mtu wa mjini. Malisho yana watu, na watu wana xeer, sheria ya mila inayosema nani anakaribishwa, kwa muda gani, na anywe maji ya nani. Balli la mvua kwa kawaida ni la wote. Kisima kilichochimbwa kwa mikono kina wenyewe. Familia isiyotuma salamu mbele inaweza kufika kwenye nyasi nzuri na kukuta mlango umefungwa.

Siku hizi picha zinatumwa kwa simu. Kijana anapiga picha ya majani, anaituma, na mjini watu wanaanza kufunga mizigo. Simu imeokoa mifugo mingi na sitaisema vibaya. Ila picha haina kisigino. Haikuambii udongo ulioko chini ya yale majani utamshika ngamia au utamwangusha.

Nami sasa nimefika kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, ambalo ni udongo.

Pande za Dadaab kuna udongo wa namna mbili kuu kwa msafiri. Kuna mchanga, mara nyingi mwekundu, unaokunywa maji na kukauka upesi. Na kuna udongo wa mfinyanzi, wa kijivu au mweusi, unaopasuka kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Jina lenyewe la Dagahaley, ambalo kwa Kisomali ni Dhagaxley, maana yake ni mahali penye mawe, na mtu aliyezoea kuhama akisikia jina kama hilo anasikia habari ya ardhi ngumu, si jina tu. Mguu wa ngamia ni mpana, laini, hauna kwato ya kung'ata chini. Juu ya mchanga ni neema. Juu ya mfinyanzi uliolowa ni hatari, kwa sababu unateleza kwenda pembeni, miguu ya nyuma inapanuka, na ngamia aliyepasuka nyonga ni nadra kusimama tena. Nimeitwa mara kadhaa kumtazama ngamia wa namna hiyo. Sina dawa yake.

Kwa hiyo njia haipimwi kwa kilomita. Kilomita ni kipimo cha lori. Geedi hupimwa kwa siku za jua baada ya mvua. Mchanga unaweza kupitika asubuhi ya pili. Mfinyanzi unataka siku tatu, nne, wakati mwingine zaidi, na mvua ikirudi katikati hesabu inaanza upya. Njia inayozunguka kwenye matuta ya mchanga inaweza kuwa ndefu mara mbili na bado ikafika kwanza. Anayepanga huchora kichwani ramani ya rangi za udongo, na miti humsaidia kuisoma: msituni penye mswaki mwingi ujue maji ya chini hayako mbali na laga, mkondo wa maji ya msimu, iko karibu, penye mathenge uliosongamana ujue utapoteza muda na miiba itaingia nyayoni. Mathenge uliletwa Kenya miaka ya 1970 kwa nia ya kufunika nchi kavu, na sasa umefunga njia za mifugo zilizokuwa wazi tangu enzi za mababu. Kila mwaka ramani ya kichwani inabidi isahihishwe.

Sasa mzigo. Kibanda cha aqal ni cha mama. Yeye ndiye anayekijenga, yeye ndiye anayekivunja, yeye ndiye anayejua kila kipande. Kina dhigo, fito ndefu zilizopindwa ambazo zikisimama hufanya mbavu za nyumba. Kina mikeka ya nyuzi za magome na nyasi iliyosukwa kwa miezi. Siku hizi juu yake hutandazwa turubai. Wakati wa kuhama, vipande hivyohivyo vya nyumba vinakuwa tandiko la ngamia. Mikeka hutangulia mgongoni ili kulinda nundu na ngozi, kisha dhigo hufungwa pande zote mbili, ncha zake zikiinuka juu, hata ngamia akitazamwa kwa mbali anafanana na jahazi lililokunja tanga. Katikati ya ncha hizo hupangwa vyombo, mitungi ya maji, magunia, na juu kabisa mtoto mdogo, mzee asiyeweza kutembea, au wanambuzi waliozaliwa jana.

Ngamia wa mizigo, anayeitwa awr, ni dume aliyehasiwa na kufundishwa taratibu. Kwa mwendo wa siku nyingi habebeshwi kupita kilo 150 hadi 200. Hesabu hii ndiyo inayoamua familia iende na nini. Mkeka uliolowa ni mzito kuliko mkavu, na wanaosahau jambo hilo hupanga mzigo wa kiangazi kwa safari ya masika. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 bila ya mtungi wenyewe. Wakati wa mvua maji ya kunywa yanaweza kupungua mzigoni kwa sababu balli ziko njiani, lakini mtu mwenye busara hatoki bila maji safi ya siku mbili ya watoto na wagonjwa.

Familia yenye awr mmoja haiwezi kubeba nyumba, maji na bibi kwa wakati mmoja. Inaazima. Basi sehemu kubwa ya kupanga ni kwenda kwa shemeji, kwa mjomba, kwa jirani wa kisima, wiki mbili kabla, kunywa chai na kuomba ngamia. Wengine hutumia mkokoteni wa punda, ambao ni mzuri sana juu ya mchanga na juu ya barabara ya kambini. Juu ya mfinyanzi magurudumu yanazama hadi ekseli, na punda anaumia mabega.

Juu ya mikeka na turubai nina msimamo. Turubai ni jepesi, linapatikana, na katika mvua ya kwanza halivuji. Lakini linachanika kwenye miiba, linafukuta joto mchana, na likitobolewa halijitibu. Mkeka wa asili ukinyeshewa nyuzi zake zinavimba na kujifunga. Mama anayeweza kuusuka anapungua kila mwaka, kwa sababu mabinti wanakulia kwenye makazi ya mabati, na kazi ya mkeka ni ya mikono mingi na miezi mingi. Ningetamani mashirika yanayogawa turubai yanunue pia mikeka kutoka kwa akina mama hao, wakiwa bado hai. Elimu hii ikikatika hapatakuwa na wa kuirudisha.

Kupakia nako kuna mantiki. Kitakachohitajika kwanza jioni kinafungwa mwisho asubuhi: shoka la kukatia miiba ya boma, kibiriti kilichofungwa ndani ya nailoni, mikeka ya paa. Nimeona familia ikifika mahali mvua ikianza kudondoka, na katika muda wa kuchemsha chai watoto wakawa chini ya kifuniko, ingawa nyumba kamili ilichukua saa mbili nyingine.

Kuhusu laga nitasimulia kisa, kwa sababu ndicho kilichonifundisha.

Ulikuwa msimu wa deyr. Tulifika kwenye laga moja pana saa kumi na moja jioni, kavu kabisa, mchanga mweupe, anga la bluu bila hata wingu la dawa. Watu walikuwa wamechoka, na mimi nilishauri tulale upande ule tuliopo, tuvuke alfajiri tukiwa na nguvu. Wanaume wawili walikubaliana nami. Eedo mmoja, shangazi wa mwenye boma, hakushusha hata kamba.

"Daktari," aliniuliza, "mvua imenyesha wapi?"

"Haijanyesha, eedo. Tazama juu."

"Sijauliza juu ya kichwa chako. Nimeuliza imenyesha wapi."

Tukavuka jua likizama, mbuzi wakilalamika, tukajenga gizani kwenye tuta upande wa pili. Usiku wa manane nilisikia sauti kama lori linalokuja kutoka mbali, ila lori halikufika. Yalikuwa maji. Alfajiri laga ilikuwa imejaa ukingo kwa ukingo, rangi ya chai ya maziwa, inabeba matawi na mzoga wa mbuzi wa watu tusiowajua. Ilikaa hivyo siku nne. Malisho yetu yalikuwa upande wetu.

Alichokijua eedo yule kinaelezeka kwa elimu ya maji. Laga ni mkono wa mto usiokuwa na maji yake yenyewe. Hubeba maji ya mahali pengine. Laga Dera, iliyo kubwa kuliko zote pande hizi, inatoka kwenye kinamasi cha Lorian na kuelekea Liboi hadi ndani ya Somalia. Lorian nayo hulishwa na Ewaso Ng'iro, unaoanzia Mlima Kenya na Nyandarua. Katika miaka ya mvua kubwa, tone lililoanguka kwenye mlima wenye theluji linaweza kukufikia kwenye vichaka vya Garissa siku nyingi baadaye, wewe ukiwa chini ya anga safi. Laga ndogo hazitoki mbali hivyo, lakini kanuni ni moja: tazama mvua ya upande wa juu wa maji. Usiku, umeme unaomulika bila sauti upande huo ni habari tosha.

Kutokana na hilo kuna sheria ya kupanga ambayo sijaiona ikivunjwa na mtu mzoefu: vuka kwanza, lala baadaye. Kila laga ihesabiwe kuwa mwisho wa siku, usiiache iwe mwanzo wa siku inayofuata. Na ikiwa imekwisha kujaa, usiipime kwa ujasiri. Maji ya magotini yanayokwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima, na gari dogo likifikiwa na maji ya nusu mita au zaidi kidogo linaanza kuelea. Ngoja. Safari iliyopangwa vizuri ina siku mbili au tatu za akiba zisizo na kazi yoyote ila kungoja laga.

Magonjwa yanapangiwa vilevile, na hapa nazungumza nikiwa kazini mwangu. Mvua kubwa za 1997 zilileta homa ya Bonde la Ufa katika kaskazini mashariki, na ilirudi mwishoni mwa 2006, kisa cha kwanza kikiwa Garissa. Katika mlipuko huo wa pili zaidi ya watu 150 walikufa nchini Kenya. Wajir, mapema 1998, ilipigwa pia na malaria kali, kwa sababu watu wa nchi kavu hawana kinga iliyojengeka. Wafugaji wa Kisomali wana jina la homa ile kwa mifugo, sandik, linalotokana na damu puani, na watafiti waliowahoji baada ya mlipuko wa 2006 walikuta kwamba wafugaji waliziona dalili zake, mvua isiyokoma, makundi ya mbu na mimba kutoka, kabla ya ofisi kutoa onyo.

Sababu yake ni hii. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayojaa maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu miaka kadhaa, virusi vikiwa ndani, yakingoja mafuriko. Bonde likijaa na kubaki limejaa, yanaanguliwa kwa wingi. Dimbwi zuri la kunyweshea ndilo basi mahali pabaya pa kulala. Piga kambi juu ya mchanga, upande ambao upepo unavuma kutoka kwako kwenda kwenye maji, na upeleke mifugo kunywa mchana, si jioni. Chanjo ya mifugo itangulie mvua; mnyama aliyekwisha kuugua haponywi na chanjo, na sindano moja ikitumiwa kundi zima wakati wa mlipuko inaweza kueneza virusi. Mimba zikianza kutoka mfululizo, usichinje, usishike kwa mikono mitupu, piga simu. Na maziwa yachemshwe. Najua ladha ya maziwa ya ngamia yasiyoguswa na moto, na najua ninachowaomba watu waache. Naomba hata hivyo.

Maji ya balli yanayonywewa na mbuzi na watu pamoja yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Kipindupindu kiliingia kambi za Dadaab mwaka 2022 na kukaa miezi, na mafuriko yanapobomoa vyoo hakuna anayejua maji ya dimbwi yamepita wapi.

Nzi nao wanachora mpaka. Kusini, kuelekea msitu wa Boni, kuna ndorobo, na mfugaji aliyekimbilia huko wakati wa ukame anatoka mvua ikikaribia, hata kama majani yamemvutia. Kaskazini ngamia hushikwa na dhukaan, ugonjwa wa vijidudu vya damu unaoenezwa na nzi wakubwa waumao baada ya mvua. Sahan akisema nzi wapo, safari inageuzwa upande au dawa inanunuliwa kabla.

Mwendo wenyewe wa siku ni mwepesi kueleza. Baada ya sala ya alfajiri watu wanapakia, wanaondoka kabla jua halijachoma, wanasimama saa tano, wanaondoka tena alasiri, na wanapiga kambi saa nzima kabla ya giza ili boma la miiba lifungwe kabla fisi hajaamka. Kiangazi familia hutembea kilomita 15 hadi 20. Kwenye mvua, kwa uzoefu wangu, ukipata 10 mshukuru Mungu. Kasi haiwekwi na aliye mbele. Inawekwa na mtoto wa ngamia aliyezaliwa karibuni, kwa kuwa mama yake hatamwacha, na maziwa ya mama yake ndiyo chakula cha nusu ya safari. Unga, sukari, majani ya chai na mchele vinafungwa kwa ajili ya nusu nyingine.

Kuna watu Dagahaley wanaojua kutembea siku nyingi kwa namna nyingine, na siwezi kuandika makala hii bila kuwataja. Mwaka 2011, njaa ilipoishika kusini mwa Somalia, kuna siku ambazo zaidi ya watu elfu moja walifika Dadaab, wengi wao kwa miguu, wiki kadhaa njiani, bila ngamia wala kibanda kwa sababu ngamia walikuwa wamekwisha kufa. Kutoka mpakani Liboi hadi kambini ni kilomita 80 hivi, na sehemu hiyo peke yake ilichukua uhai wa watoto. Wale walikuwa wafugaji na wakulima waliojua kupanga, ila vyote vya kupangia vilikuwa vimeisha. Leo watoto wao wanaozaliwa kambini wanakua bila kuhama, na mkimbizi anayetaka kutoka nje ya kambi anahitaji kibali. Kwa hiyo wanaofanya geedi ni hasa jamii ya wenyeji, ambao huuza maziwa na mbuzi kambini na kununua huko unga na turubai. Kibali, salamu kwa chifu wa unakokwenda, na habari za usalama wa njia ni sehemu ya mpango sawa na maji. Usiku watu hawatembei.

Mkifika, kazi ya kwanza si kupakua. Mama anazunguka tuta polepole, anakanyaga, anasukuma kisigino chini na kutazama kama tundu linajaa maji. Anatafuta vichuguu na mashimo ya nyoka, ambao mvua huwafukuza juu kama sisi. Mlango wa aqal anaugeuza mbali na upande mvua inakotokea. Mfereji mfupi unachimbwa kuizunguka nyumba kabla ya nyumba yenyewe. Kisha dhigo zinasimamishwa, mikeka inafuata, na moto mdogo unawashwa ndani ili moshi ukaushe nyuzi na kuwafukuza mbu.

Asubuhi ya tatu, nyasi zikiwa bado gotini na balli likiwa limejaa, watu wawili wanajaza maziwa kwenye kibuyu na kuondoka. Wanakwenda kutazama nchi ya mbele.